Kupata kitambulisho cha taifa (NIDA) hapa Kigoma nilisota mwaka na nusu, tapeli kaitumia dakika tano. Deni lake nalipa mimi??

Wakuu salaam. Wasimamizi naomba huu uzi msiupeleke jukwaa la teknolojia, hakuna teknolojia hapa, ni wizi mtupu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa Kibirizi na mkono unatetemeka kwa hasira, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Mimi ni mtu wa dagaa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue ile miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tulikula mtaji, na tangu hapo naokoteza. Juzi kati nikajikusanya, nikaenda benki kuomba milioni 4. Barua ya serikali ya mtaa ninayo, leseni ninayo, TIN ninayo, mdhamini ni shemeji yangu, mwalimu. Dada wa mikopo kabofya weee, kisha akatulia kama mtu aliyeona msiba.

"Kaka, mbona una deni hujalipa?"

Deni gani? "Mkopo wa simu. Elfu themanini na sita na mia tano. Lina miezi kumi na moja."

Sijawahi kukopa kwenye simu maisha yangu yote. Hata salio la kukopa siligusi. Nikamwomba anisomee namba, ni namba nisiyoijua. Akasema yeye hana la kufanya, taarifa zinatoka kwenye kanzidata ya wakopaji na benki zote zinaona hicho hicho. Yaani milioni 4 imezuiwa na elfu themanini na sita ya mtu mwingine.

Nikatoka nje nikapiga *106#, ile ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama hujawahi kuipiga, acha kusoma hapa, kapige, utanikuta. Mimi natumia laini mbili. Kwenye kitambulisho changu zimo nne. Nikajifanya natuma mia tano kwenda kwenye zile mbili ngeni, ili nione jina tu, nisithibitishe. Jina likatokea. Langu. Majina matatu, na lile la babu limekosewa herufi vilevile kama NIDA walivyolikosea kwenye kitambulisho.

Na hilo jina la babu ndilo linaloniuma kuliko deni. Wa mikoa mingine hamtaelewa. Huku mpakani namba ya NIDA haiji hivi hivi. Mwishoni mwa 2019, nchi nzima inakimbizana na usajili wa alama za vidole kabla laini hazijazimwa Januari 20, 2020, mimi nilikuwa naulizwa babu kazaliwa wapi, kazikwa wapi, nani anamfahamu. Nimeleta wazee wawili kwa nauli yangu kuja kusema kwamba huyu ni Muha wa hapa hapa, siyo wa ng'ambo. Laini yangu ikazimwa, nikakaa bila simu, wateja wa Dar wakahamia kwa wengine. Mwaka na nusu! Leo mtoto wa mtu kachukua zile tarakimu 20 nilizozitolea jasho, kazigawa kama karanga.

Mnajua ilitokea wapi? Nimeshakumbuka. Mwavuli wa wasajili laini pale Mwanga. Mwaka jana laini moja iliharibika, nikaenda kwa kijana mmoja mchangamfu, ana kimashine chake cha kidole. Naweka kidole, ananiambia "haijasoma mzee, rudia". Narudia. "Bado." Akatoa kitambaa, akakilowesha spiriti, akanisugua kidole kama muuguzi. "Jaribu cha pili." Mimi nikaamini kabisa, kwa sababu vidole vya mtu anayegeuza dagaa kwenye chanja juani kutwa nzima vimeshafutika mistari, hata NIDA wenyewe walihangaika navyo. Nikabonyeza mara tano, sita. Akanipa laini yangu moja, tukaagana kwa kucheka. Kumbe kila "haijasoma" ilikuwa inasoma.

Sasa sikilizeni mzunguko. Nimekwenda duka la kampuni ya simu. Binti wa kaunta: "Kufunga laini lazima aje mwenye laini." Namwambia mwenye laini kwa mujibu wa mfumo wenu ni mimi. "Basi weka kidole." Nikaweka, ikasoma mara ya kwanza, bila spiriti! Kisha: "Laini ina deni, ulipe kwanza ndiyo tuifunge." Nikalipe deni la mwizi ili nithibitishe siyo langu? "Basi kalete RB, namba ya taarifa ya polisi." Polisi, afande kaandika vizuri tu, sina ugomvi naye, ila akaniuliza kama namjua mtuhumiwa. Nikarudi dukani na RB, nikaambiwa inapelekwa makao makuu Dar, nisubiri kupigiwa. Wiki ya tatu hii. Nipigiwe kwa namba ipi kati ya hizo nne, sijui.

Najua kuna watu watakuja na "uzembe wako mkuu, PIN ni siri". PIN ipi? Hakuna aliyeniomba PIN. Mafundisho yote ya redioni ni usitaje namba ya siri, usijibu "ile hela tuma kwenye namba hii", ukipata ujumbe wa hivyo upeleke 15040. Sawa, hao matapeli wa meseji hata bibi yangu anawacheka. Huyu wa kwangu hakunidanganya kwa simu, alinishika kidole. Wenzetu wa nje wanalia kuibiwa namba za kadi za mkopo. Kadi wanapiga benki inafungwa, wanapewa nyingine. Mimi kidole nitabadilishiwa wapi?

Halafu angalieni tunavyoishi. Steshenari unamtumia kijana kitambulisho kwa WhatsApp akutolee kopi, picha inabaki kwenye simu yake milele (mimi sasa nasimama hapo hapo mpaka aifute, anune asinune). Gesti unaandika jina, kabila, namba ya kitambulisho na simu kwenye daftari kubwa ambalo kila mgeni anayefuata analisoma wakati anasubiri ufunguo. Na tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe yako ya kuzaliwa, wazi kabisa. Halafu mtu mzima anaweka mwaka wake wa kuzaliwa kuwa PIN! Badilisheni leo. Kopi zangu siku hizi nazichora mistari miwili na kuandika kwa kalamu "kwa ajili ya mkopo, benki fulani, tarehe fulani".

Sheria zipo, tusidanganyane. Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kujifanya mtu mwingine ni kosa. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023 na Tume yake ipo inapokea malalamiko. Hiyo ya Tume ndiyo naiandikia barua sasa. Kuna aliyewahi kufika nao mwisho? Na nani kafanikiwa kusafishiwa jina kwenye kanzidata ya mikopo bila kulipa? Nahitaji hatua alizopita. Pole ninazo za kutosha.

NYONGEZA: Mdau kauliza kama nimezipiga hizo namba. Nimepiga jana usiku. Yenye deni haipatikani. Ile nyingine iliita, akapokea mama mtu mzima, nyuma kuku wanalia. Nikaanza kwa ukali, akanisikiliza mpaka mwisho. Yuko Kasulu. Laini aliuziwa mnadani na kijana, ikiwa imeshasajiliwa, elfu tatu, kwa sababu NIDA yake inakwama kwenye maswali ya babu tangu 2019. Akaniomba nisiifunge kabla ya Ijumaa, kuna hela ya mwanawe inaingia humo. Sijamjibu bado.