Fremu na kava kwenye namba za gari: trafiki ana haki ya kunipiga faini?

MkaziWaSegerea

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa kisheria na wa kifundi kwa pamoja.

Nimenunua Toyota IST kwa mtu mwezi uliopita. Siku ya kukabidhiana, dalali akanipeleka duka moja la urembo wa magari Kariakoo. Wakang'oa zile ribiti zilizoshika namba, wakafunga fremu nyeusi ya plastiki mbele na nyuma, chini imeandikwa jina la duka lao kwa herufi nyeupe. Juu yake wakaweka kava lenye giza kidogo. Gari likapendeza kweli.

Jana asubuhi pale Tazara trafiki akanisimamisha. Leseni hakuuliza, bima hakuuliza. Akazunguka nyuma, akainama, akasema namba haisomeki, faini elfu thelathini. Nikamwambia mbona mimi naisoma nikiwa hapa hapa. Akaninyooshea kidole kituo cha daladala, akasema nenda kaisomee kule.

Ninachotaka kujua: kava limekatazwa kweli au nimeonewa? Na nikilitoa kava nikaacha fremu, nitakuwa salama?

DerevaMbagala

Lipa mkuu, toa kava, endelea na safari zako. Kubishana barabarani saa mbili asubuhi ni kuchelewa kazini tu.

Mama Junior Tabata

Pole kaka. Mimi fremu ninayo na siitoi. Kwenye foleni ya Buguruni bodaboda wanapita wanagonga namba ya mbele mpaka inapinda, nimeshainyoosha mara nyingi kwa nyundo. Fremu ndiyo imeituliza. Watuambie basi tufanye nini, tusiambiwe tu toa, toa.

WakalaKurasini

Mkuu wa Segerea, pole kwa usumbufu, lakini hapo hukuonewa. Nasema hivi kwa uchungu, nikueleze kwa nini.

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini. Namba ya gari langu inaishia na herufi F. Kwa kipindi kirefu nilikuwa naangalia madeni yangu ya paking nakuta nadaiwa Posta na Mtaa wa Samora, saa ambazo gari langu limelala Kurasini nje ya ofisi na mimi niko ndani ya geti nahangaika na makaratasi. Unajua mambo ya paking siku hizi: mhudumu anaingiza namba kwenye kimashine, deni linabaki kwenye namba ile mpaka lilipwe. Hakuna anayekufuata kukuuliza kama ni wewe. Nikaenda kusimama Samora mchana nijionee mwenyewe, na nikaliona gari. Si aina ya gari langu, wala rangi si yangu. Namba yake inaishia na E. Fremu imepanda kutoka chini ikameza ule mstari wa chini wa E, kilichobaki machoni ni F. Sikumlaumu yule binti wa paking, maana hata mimi nikiwa hatua chache tu niliisoma F. Ilibidi niiname ndiyo nikaona kipande cheusi cha herufi kimejificha ndani ya plastiki.

Yule bwana anaegesha bure, na mimi ndiye niliyekuwa nazunguka ofisini na barua kuomba deni lifutwe.

Kwa hiyo ukisema "mbona mimi naisoma", wewe namba yako unaijua kwa kichwa. Namba ipo kwa ajili ya asiyekujua. Ipo kwa mhudumu wa paking, kwa askari mwenye tochi Kibamba, kwa abiria aliyesahau begi kwenye teksi akabaki anaangalia taa zinaishia. Ipo kwa mtu aliyegongwa usiku Mandela Road na gari likakimbia: ana sekunde mbili za kusoma namba nzima na kuishika kichwani. Huyo ukimwekea kava lenye giza umemnyima kitu pekee alichobakiwa nacho.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, Sura ya 168. Linalotakiwa ni namba ionekane na isomeke. Faini uliyotajiwa, Sh30,000, ndiyo ile ile ya makosa ya kawaida ya gari.

Ukitaka kuona nchi iliyolichukulia jambo hili kwa uzito, angalia huko huko IST yako ilikotoka. Japani walikataza kava za namba kuanzia Aprili 1, 2016, na hawakubagua: hata kava angavu kabisa, lisilo na rangi, ni kosa. Fremu hawakuzikataza, wakaziwekea vipimo. Kwa magari yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia Oktoba 1, 2021, upande wa juu fremu isizidi upana wa milimita 10, pembeni milimita 18.5, chini milimita 13.5. Hata kile kifuniko cha bolti kina kipimo chake, kipenyo kisizidi milimita 28. Faini inaweza kufika yeni 500,000. Sasa chukua rula upime fremu yako pale chini penye jina la duka. Hizi za Kariakoo nyingi zina karibu sentimita tatu, na upana wote huo ni kwa ajili ya kumtangazia mtu biashara yake bure kwenye gari lako.

Halafu kuna suala la usiku. Pleti zetu zina utando unaorudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo maana ukimulikwa na gari la nyuma namba inawaka. Mwanga huo ukikuta kava unalipita mara mbili: wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Tuseme kava linapitisha asilimia 70. Baada ya kurudi imebaki 49. Mchana unaona "giza kidogo", usiku nusu ya namba imekwisha. Na kava angavu lenyewe kwa jua letu hili na chumvi ya bahari halikai angavu. Linafanya umanjano, linachanika nyufa ndogo ndogo, vumbi la barabara ya mtaani linaingia kwa juu, mvua ikinyesha linaganda ndani kama uji. Kitambaa hakifiki huko.

Dada wa Tabata, hoja yako ni ya kweli na ina jibu. Kinachozuia pleti isipinde ni kitu kigumu nyuma yake. Mwambie fundi akukatie kipande cha alumini au plastiki ngumu chenye ukubwa ule ule wa pleti, akiweke kati ya pleti na bampa, kisha ashike vyote kwa ribiti nne kwenye kona, sehemu isiyo na herufi. Bodaboda atagonga na namba itabaki imenyooka.

KakaWaSinza

Kuna mdogo wangu yuko Tampa, Florida. Huko kuanzia Oktoba 1, 2025 kuna sheria mpya: kuziba namba kwa makusudi, kuipaka kitu au kuweka kava la kuificha, ni kosa la jinai, faini hadi dola 500 au kifungo hadi siku 60. Watu wakaanza kung'oa fremu zote kwa hofu, hata zile za kuuziwa na gari. Baadaye idara yao ya usalama barabarani ikafafanua kwamba fremu peke yake si kosa, mradi herufi na tarakimu zote zisomeke, na ile stika ya usajili ya kona ya juu kulia isifunikwe. Fremu ya dogo ni ya chuo alichosoma, nyembamba, anaendelea nayo.

Kwa hiyo tusimtishe mwenzetu kwamba kila fremu ni kosa.

WakalaKurasini

Sawa kabisa kaka wa Sinza, fremu nyembamba haina ubaya. Ubaya ni plastiki inayogusa herufi. Ila kwa IST naomba awe makini zaidi nyuma. Nafasi ya pleti kule ilitengenezwa kwa pleti ya Kijapani, sentimita 33 kwa 16.5, ndiyo maana wengi nyuma tunafunga ile ya mistari miwili. Herufi pale zimekaa karibu na ukingo juu na chini. Fremu ambayo mbele inakaa vizuri, nyuma inaweza kukata kichwa cha T juu na miguu ya herufi tatu chini.

MkaziWaSegerea

Nimeshuka kupima. Chini ni milimita 28. Na nyuma kweli imegusa herufi, D yangu ukiwa mbali ni kama O. Kava nimelitoa, kwa ndani limejaa ukungu na mchanga, na gari sijakaa nalo hata miezi miwili. Sasa fundi wa kawaida anaweza kufunga ribiti, au lazima nirudi kwa waliotengeneza namba?

WakalaKurasini

Fundi yeyote mwenye mashine ya ribiti, ni kazi ya dakika chache. Gerezani wapo wengi. Simama hapo hapo asije akatoboa tundu jipya katikati ya tarakimu, wengine wanafanya hivyo kwa haraka, na kichwa cha ribiti kikikaa vibaya kinaifanya 3 ionekane 8. Mwambie pia awashe taa za gari aangalie taa ndogo ya namba nyuma. Magari mengi ninayotoa bandarini ile balbu imeungua na mwenye gari hana habari.

Kupima mwenyewe ni rahisi. Uingereza anayekwenda kufanya mtihani wa udereva anatakiwa asome namba ya gari lililo mita 20 mbele yake, hapo anapimwa macho. Wewe geuza: weka gari, mwite jirani asiyeijua namba yako, asimame mita 20 aitaje kwa sauti. Rudieni usiku. Akikosea herufi moja, irekebishe, maana hiyo herufi moja ndiyo iliyonifanya nidaiwe Samora.

Na ukimaliza, ingia uangalie madeni ya namba yako, ya paking na ya polisi, yote mawili. Gari la mkononi hilo, na namba imekaa ndani ya kava. Usishangae kukuta ya wengine.