Mbwa kamrarua mama yangu barabarani, mwenye mbwa anataka tuyamalize kwa elfu hamsini

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mama yangu anauza maandazi asubuhi, anapita mtaani na ndoo yake. Mbwa katoka kwenye geti lililoachwa wazi, kamrarua shavu la mguu palepale barabarani. Barabara ya umma, hakuingia kwa mtu. Jioni mwenye mbwa akaja na elfu hamsini, akasema bahati mbaya humpata yeyote, tuyamalize kijirani. Tulipokataa akabadilika: tunamfanyia mtaji, kibao cha "MBWA MKALI" kipo getini, kwa nini mama hakukiona?

Hicho kibao ndicho kinachoniwasha. Kinamwonya anayetaka kuingia kwako. Hakikupi ruhusa ya kumwachia mnyama njia nzima. Isitoshe, kwenye sheria ya madhara tunayotumia Tanzania, tuliyopokea kutoka kwa Waingereza, anayefuga mnyama huku akijua ni mkali anawajibika kwa madhara yake hata bila kuthibitishiwa uzembe. Sasa mtu ameandika kwa rangi nyekundu kwenye geti lake kwamba anajua. Nimeshalipiga picha.

Kinachoniuma kuliko vyote ni alichofanya baadaye. Mbwa akishamng'ata mtu anatakiwa afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza hata kusimamisha sindano za kichaa cha mbwa zilizobaki. Tulimwomba mwenye mbwa kadi ya chanjo, hana. Tukamwambia amfungie mbwa ili afisa mifugo wa kata aje amwone. Kesho yake mbwa hayupo, "kapelekwa shamba". Shamba gani, hasemi. Kwa hiyo mama amelazimika kumaliza dozi yote: siku ya kwanza, ya 3, ya 7 na kuendelea, kila safari tunajilipia wenyewe. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili ni kifo, hakuna wa kubahatisha hapo. Mama alikuwa anaamka usiku anakunywa maji aone kama bado anaweza kuyameza. Hofu hiyo nani anailipia? Na mbwa mwenyewe, ambaye ndiye ushahidi wetu, katoroshwa mchana kweupe.

Polisi walitupa PF3 (fomu ya matibabu) na RB (namba ya taarifa yetu kituoni), nawashukuru kwa hilo. Nilipouliza kuhusu kumshitaki nikaambiwa hayo ni madai, nendeni mahakamani. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinataja waziwazi mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Hilo ni kosa la jinai. Kesi ya madai ina njia yake na jinai ina njia yake, moja haizuii nyingine. Kwa nini raia ndiye amkumbushe askari?

Mwenyekiti wa mtaa naye anatusihi tusiharibu ujirani. Mama alipolala wiki nzima mguu umevimba, hakuna jirani wa geti lile aliyekuja hata na uji.

Hatuombi sadaka. Tunadai gharama za sindano na dawa, nauli za bajaji (hakuweza kupanda daladala na mguu ule), kipato alichopoteza, pamoja na fidia ya maumivu na kovu atakalobaki nalo. Risiti za hospitali na duka la dawa zipo zote, na picha za kidonda tangu siku ya kwanza. Mashahidi wapo: mwendesha bodaboda aliyemfukuza mbwa kwa jiwe, na dada wa genge la jirani.

Ninapokwama ni kwenye kipato. Najua fidia maalumu, yaani ya hasara inayohesabika, lazima itajwe kwa tarakimu na kuthibitishwa kikamilifu, mahakama zetu hazicheki na hilo. Muuza maandazi hana risiti wala hesabu za benki. Ana daftari la mkopo wa wateja na mwenye duka anayemuuzia unga kila siku. Je, hivyo vinatosha, au tuiingize hasara hiyo kwenye fidia ya jumla tumwachie hakimu apime?

Wanasheria, naomba mje. Nafahamu ukomo wa madai ya namna hii ni miaka 3, lakini sitaki kusubiri hata mwezi, maana mashahidi huhama na huyu bwana ameshaonyesha anavyoficha vitu. Nataka notisi ya madai imfikie kwanza kwa maandishi, yenye tarehe na kiasi. Inaweza kuandikwa na sisi wenyewe au lazima wakili? Mbwa asipopatikana tena kesi inadhoofika kiasi gani, ikiwa mtaa mzima unajua ni wa kwake? Na kama kuna aliyewahi kumshitaki mwenye mbwa akalipwa, aseme alifungulia mahakama gani na mwenye mbwa alijitetea vipi.