Gumzo la kikundi: Waswahili wa Pune, India, safari ya ngome ya Tung

Zuhura 19:02
Jamani, ya Jumapili. Nataka majina usiku huu, nijue ni gari moja la jipu au mawili.

Zuhura 19:04
Ni Tung, si Lohagad. Lohagad imeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2025 pamoja na ngome nyingine 11, Jumapili watu wanajaa mpaka kwenye ngazi. Tung haimo kwenye orodha ile.

Baraka 19:31
Ndiyo ile iliyochongoka tuliyoiona kutoka ngome ya Tikona safari iliyopita?

Zuhura 19:31
Hiyo hiyo. Mita 1,075, na bwawa la Pawna liko miguuni pake. Jina lako nimeandika.

Baraka 19:32
Dada sijasema naenda 😂

Neema 19:40
Usafiri je?

Zuhura 19:43
Treni ya kwanza ya asubuhi, Pune hadi Lonavala, kilomita 64, kama saa moja na nusu. Pale tunachukua jipu, barabara ya Aamby Valley, tunakata Ghusalkhamb, hadi kijiji cha Tungwadi. Saa 2 na nusu tuwe kwenye hekalu la Maruti, njia inaanzia hapo. Tukichelewa jua litatukuta mgongoni mwa mlima, na kivuli hakuna.

Zuhura 19:44
Maji lita 3 kila mtu, kwenye begi la mgongoni, mikono ibaki mitupu. Maji ya birika lililochongwa mwambani huko juu si ya kunywa.

Kassim 19:58
Lita 3 ni kilo 3. Mimi mwenyewe nabebwa na nani?

Baraka 19:58
Punda aagizwe 😂😂

Kassim 19:59
Wawili, Baraka naye ana kitambi

Zuhura 20:03
Jamani VIATU. Viatu vyenye meno chini. Soli laini baki nayo nyumbani. Kupanda hakuangushi mtu, kushuka ndiko kunakoangusha: changarawe inakaa juu ya mwamba mgumu, ukikanyaga inabingirika kama gololi. Shukeni ubavu, hatua fupi, magoti yamekunjwa, na mtu asimfuate mwenzake karibu. Aliye juu akiteleza anamzoa wa chini.

Shemeji Hamadi 20:11
Kabla ya jipu la Tung, tumalizane na jipu la Tikona.

Zuhura 20:12
Shemeji, yale tulishayazungumza.

Shemeji Hamadi 20:14
Mliyazungumza. Mimi sikuwepo, ila pesa zangu zilikuwepo.

Neema 20:20
Shemeji ana haki yake. Dereva alilipwa zote asubuhi, jioni angerudi kufuata nini? Safari hii nusu ya kwenda, nusu tukishafika tena Lonavala. Na tumwambie asubiri kijijini, mchana hakuna gari la kukodi pale.

Zuhura 20:21
Sawa, nusu kwa nusu. Shemeji nakuja inbox.

Shemeji Hamadi 20:22
Iseme hapa hapa.

Kassim 20:22
🍿

Baraka 20:35
Huko juu kuna nini hasa? Ukuta tu?

Zuhura 20:41
Angalia lango, Baraka. Huwezi kuliona ukiwa njiani. Ukuta umejikunja mbele yake, unaingia kwenye kona nyembamba, mawe kulia na kushoto, halafu ghafla lango hilo hapo. Adui hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma achukue kasi, na juu ya kichwa chake askari wanamngoja. Ukilipita unakuta kihekalu cha Ganesh na birika, kisha mwinuko wa mwisho hadi hekalu la Tungai Devi. Kilele ni kidogo, mkikaa kumi mmekijaza. Ngome hii ni mojawapo ya zile 23 ambazo Shivaji, kiongozi wa Wamaratha, aliwaachia Wamughali, dola kubwa ya India enzi hizo, kwa mkataba wa Purandar, 1665. Ukisimama pale unaelewa kwa nini waliitaka: Lohagad, Visapur na Tikona zote unaziona.

Zuhura 20:42
Viatu mnavua hekaluni. Manukato msijipake na moto msiwashe, nyuki wa miambani wanafuata harufu na wanakasirishwa na moshi. Wakitoka, funika uso na uondoke, usiwapunge.

Mama Twaha 21:15
Watoto wangu wanataka kuogelea bwawani baadaye, wameshapakia taulo

Kassim 21:16
Na boya la bata 🦆

Mzee Shaibu 21:38
Hamjambo wanangu.

Zuhura 21:38
Shikamoo Mzee.

Neema 21:39
Shikamoo Mzee

Mzee Shaibu 21:46
Marahaba. Mtoto asiingie Pawna, wala mkubwa. Lile ni bonde lililozamishwa, si ufuko. Unatembea maji ya magotini, hatua inayofuata ni mteremko, na chini ni tope linaloshika mguu. La pili. Jana mvua imenyesha. Ngazi za kuchongwa zikiwa na ukungu wa kijani, kiatu hakisaidii. Ngojeni siku nne kavu zifuatane. Leo ni Alhamisi, hesabuni wenyewe.

Mama Twaha 21:52
Tumesikia Mzee. Taulo natoa.

Zuhura 22:05
Tumesikia Mzee. Lakini dereva nimeshamwambia Jumapili...

Neema 22:09
Basi Jumapili ijayo?

Baraka 22:10
Ijayo nina mtihani Jumatatu

Zuhura 22:14
Dereva namuuliza asubuhi. Majina yanaendelea: mimi, Neema, Mama Twaha na watoto 2, Baraka (?), Kassim (?). Wengine 19 mmesoma, naona tiki.

Shemeji Hamadi 22:31
Jina langu andika pesa ikirudi.

Kassim 23:47
Treni ni saa ngapi vile?