Tupeane uzoefu: miraba inayobaki ukimaliza kuvreli, wewe unaipeleka wapi?

Mama wa Himbi (Goma)

Jambo mama zangu, dada zangu na mafundi wote. Nafungua uzi huu kwa ajili ya ile miraba iliyokwisha kushonwa lakini haikuingia kwenye kuvreli, kile kitandiko cha kitanda tunachokiunga kwa miraba. Sisemi vipande vya vikwembe (vitenge) vilivyokatwa tu, hivyo kila mshonaji ana pa kuvitia. Nasema mraba ulioungwa ukapigwa pasi, una kazi ya mikono ndani yake, halafu ukabaki: ulizidi hesabu, au rangi yake ilikataa kukaa na wenzake, au mteja alibadili mawazo katikati ya kazi.

Mimi nitaanza. Yangu inakaa ndani ya karatoni chini ya meza ya mashini. Ikijaa, naitoa yote naitandaza kitandani. Cha kwanza ninachoangalia si rangi. Naangalia unene wa kitambaa, kisha ukubwa. Mraba wa kikwembe cha pamba ukiushona ubavuni mwa mraba wa kitambaa cha kuteleza, hata kama rangi zinapendana, ukifuliwa mara chache ule mzito unamvuta mwenzake na mshono unakunjamana. Kwa hiyo kwanza nagawa mafungu.

Baada ya hapo kila mraba nauzungushia fremu ya kitambaa cha rangi moja mpaka yote ilingane. Nalenga sentimita 30 kabla ya kuunga, na ukingo wangu wa mshono, kile kitambaa kinachobaki nje ya uzi, ni milimita 7.5. Hesabu ni hii: chukua 30, toa ukubwa wa mraba, gawa kwa mbili, ongeza sentimita moja na nusu. Mraba wa 20 unataka utepe wa upana wa 6.5. Wa 23 unataka 5, na wa 25 unataka 4. Huwa nakata utepe mpana kidogo kuliko hesabu, kisha napunguza kwa kipimo cha karatoni ngumu, maana miraba ya zamani mara nyingi pembe zake zimekwenda upande. Miraba 35, mitano kwa saba, inatoa kuvreli ya karibu sentimita 144 kwa 201, kitanda cha mtu mmoja. Fremu natumia nyeusi au buluu ya giza. Nyeupe inapendeza siku ya kwanza, lakini kwa vumbi la barabara zetu inachoka upesi sana.

Nyinyi mnafanyaje? Semeni hata kama njia yako ni ndogo.

Fundi wa Birere

Mama Himbi, aksanti kwa hesabu. Mimi miraba iliyobaki naipeleka mgongoni, upande wa nyuma wa kuvreli.

Kikwembe chetu kina upana wa karibu sentimita 115. Kuvreli yako ya 144 haitoshi kufunikwa nyuma na upana mmoja, lazima uunge. Watu wengi wanaongeza ukanda mrefu wa kikwembe kilekile na wanahangaika kulinganisha maua. Mimi napasua kikwembe kwa urefu, katikati natia safu ya miraba iliyobaki kutoka juu hadi chini, na utepe wa upana wa kiganja kila upande wa safu. Upana unapatikana na unabaki wa kutosha wa kukata mwishoni. Mteja akigeuza kuvreli anaona ndugu wa miraba ya mbele wamelala nyuma, na hilo watu wanalipenda kuliko nilivyotarajia.

Mambo mawili ya kuangalia. Safu usiiweke katikati kabisa. Ukiiweka katikati na ikahama kidogo wakati wa kushona tabaka za mbele na nyuma pamoja, kila jicho litaona. Isogeze upande mmoja, iwe imekaa hapo kwa makusudi. La pili, mishono ya nyuma ifungue kwa pasi, kila ukingo ulale upande wake. Ukiilaza yote upande mmoja, mahali mshono wa mbele unapokutana na wa nyuma panakuwa na tabaka nyingi na sindano inavunjika.

Mwanagenzi

Salama wakubwa wangu. Mimi bado najifunza kwa mama mmoja hapa Ndosho. Nina miraba ya pembetatu, nne zikitazamana, imebaki muda mrefu. Sasa nikiiweka mezani hailali, kingo zinacheza kama mawimbi. Nifanye nini?

Bibi wa Katindo

Binti yangu, pembetatu zako zilikatwa bila kufuata uzi wa kitambaa. Ile kingo ndefu imepita mshazari, ikaja nje ya mraba. Kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika, na kila ukiushika mraba au kuupiga pasi unazidi kurefuka. Ukikata siku nyingine, geuza kipimo ili upande utakaokuwa nje ufuate uzi wa kikwembe, na mshazari ubaki ndani kwenye mshono.

Hii uliyo nayo inaweza kuokolewa. Ilowanishe kidogo kwa maji, iweke juu ya blanketi nene, isogeze kwa vidole mpaka ikae mraba, ibane kwa pini, kisha weka pasi na uinue. Usisukume pasi. Weka, inua, sogeza, weka. Kama ni pasi ya makala, funika kwa kitambaa cheupe kwanza kwa ajili ya jivu. Ikipoa, pitisha mshono wa mashini mmoja kuzunguka, milimita tatu hivi kutoka ukingoni, ndipo uivishe fremu ya Mama Himbi. Fremu ikatwe sawa na uzi, nayo itaushika mraba usitembee tena.

Mimi kila mraba unaobaki naupitishia huo mshono kabla ya kuuweka, hata kama sijui utakwenda wapi.

Mama Majengo

Nimesoma nikaona niseme yangu, ingawa si ya ufundi.

Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, mlima Nyiragongo ulipolipuka usiku ule, sisi tulibaki nyumbani. Asubuhi ya tarehe 27 ndipo serikali ilipotangaza tuondoke mitaa yetu, na tukafuata barabara ya Sake na watoto. Mashini haibebeki. Nilichukua vyombo, nguo za watoto, na mfuko wa miraba iliyokuwa imebaki kwenye kuvreli ya harusi ya mdogo wangu. Niliichukua kwa sababu ilikuwa laini, nikawatengenezea watoto mto wa njiani.

Kule Sake tulilala uwanjani mwa kanisa na mama wengine. Mikono haikutulia. Nikatoa sindano, nikaanza kuunga ile miraba kwa mkono, na mama aliyekuwa pembeni akaomba mmoja, kisha mwingine akaomba. Kila mmoja aliongeza ukanda kutoka kwenye alichokuwa nacho: kitambaa cha kichwa, pindo la kikwembe, mfuko wa shati la mtoto. Miraba ilirudi kwangu mikubwa kwa midogo, mishono mirefu kwa mifupi.

Sijaisawazisha, na sitaikata ilingane. Niliyoweza kuunganisha niliiunganisha ikawa blanketi dogo. Ile ambayo haikupata nafasi nimeidarizi tarehe nyuma na nimeihifadhi. Fundi wa mashini akiiona atasema haijakaa sawa. Ni kweli, na itabaki hivyo.

Mama wa Himbi (Goma)

Mama Majengo, pole sana, na aksanti kwa kutuambia. Hiyo usiiguse.

Dada wa Katuba (Lubumbashi)

Jambo kutoka Lubumbashi. Huku Juni na Julai baridi inauma usiku, kuvreli haichezewi.

Mimi naona mnaiheshimu sana miraba! Mimi naikata. Mraba wa vipande tisa, tatu kwa tatu, ambao ulibaki kwa sababu ni wa kawaida mno: naupasua katikati kwa wima, kisha katikati kwa ulalo. Napata miraba minne midogo. Kila mmoja una kipande kizima pembeni, nusu mbili, na kile kidogo sana kilichotoka katikati. Nageuza miwili kati ya minne, naunga upya, na hakuna atakayejua ulitoka wapi. Siri ni rangi ya kipande cha katikati: kiwe cha giza au cha kung'aa sana, maana ndicho kitakachotawanyika kwenye kuvreli nzima. Kumbukeni kila mkato unakula ukingo wa mshono, kwa hiyo mraba utarudi mdogo kwa sentimita moja na nusu kila upande.

Na msiseme kukata na kubandika ni kuharibu. Mama yangu ni wa Kasai. Vile vitambaa vya rafia vya Wakuba, wanaume wanafuma, na wanawake wanapamba. Rafia inatwangwa ili ilainike, inatoboka, na matundu yanafunikwa kwa viraka. Wengi wanaeleza kwamba ndiko yalikotoka yale maumbo yaliyobandikwa kwenye sketi ndefu za wanawake, mengine hayafuniki tundu lolote tena, yapo kwa uzuri. Mimi nikishika makasi juu ya mraba nafikiria mikono hiyo.

Mama wa Himbi (Goma)

Dada, kwa vipande tisa vya kawaida nakubali kabisa, na nitajaribu. Lakini kuna miraba ambayo mimi sitaipitishia makasi, na naomba wenzangu mfikirie hili.

Vikwembe vyetu vingi vimeandikwa. Kuna cha tarehe 8 Machi, kinachotoka kila mwaka na maandishi yake. Kuna cha chama cha mama wa parokia, chenye picha ya mtakatifu. Kuna cha msiba ambacho ukoo mzima ulivaa. Mabaki ya hivi yanaingia kwenye miraba yetu bila sisi kufikiri, halafu mraba ukibaki tunaugeuza kitambaa cha kushikia sufuria. Nimewahi kuona uso wa mtakatifu umeungua kwa sufuria ya fufu, na ulinikera moyoni. Mwenye kikwembe kile angejisikiaje?

Kwangu mraba wenye uso, jina au maandishi ya msiba unarudi kwa mwenyewe. Namshonea mfuniko wa mto, au mfuko wa Biblia, nampelekea bila malipo. Mama mmoja wa jirani alipokea mto wenye kikwembe cha msiba wa mumewe, akauweka kwenye kiti alichokuwa akikalia mzee. Kazi ya mraba mmoja tu, na zipu.

Bibi wa Katindo

Umesema vema, mama. Na maneno yasikatwe katikati. Likikatwa, jina la marehemu linabaki nusu.

Mshonaji wa Kadutu (Bukavu)

Mimi nauza, kwa hiyo nitasema ya makuta, yaani ya pesa. Mraba mmoja unatoa mfuniko wa mto ukiongeza fremu. Miwili inatoa mfuko wa soko, na hiyo ndiyo inayokwenda upesi kuliko zote. Ya kushikia sufuria inanunuliwa pia, lakini jueni kitambaa chenu kwanza. Chomoa uzi mmoja, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Ya plastiki inayeyuka, inajikunja kuwa kishanga kigumu, na harufu yake unaitambua. Hiyo ya pili usimpe mtu ashikie sufuria ya moto. Ndani tia tabaka mbili za taulo la zamani la pamba, si sponji.

Mwanagenzi

Mama Kadutu, na rangi inayotoka? Nina miraba yenye kikwembe chekundu ubavuni mwa cheupe. Niliambiwa niloweke kwenye chumvi.

Mshonaji wa Kadutu (Bukavu)

Chumvi haitashika rangi ya kikwembe kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani, wala siki. Lowanisha kitambaa cheupe, ukandamize juu ya ule wekundu, uangalie. Kikitoka kisafi, endelea. Kikitoka chekundu, fua mraba wenyewe peke yake kwa maji mengi, usiuache ukae umelowa na umekunjwa, suuza mpaka maji yawe meupe. Najua Goma maji ni ya kununua kwa bidoni, lakini bidoni moja ni nafuu kuliko kuvreli nzima kugeuka ya waridi.

Fundi wa Birere

Naongeza: ukiona rangi haiishi kutoka, huo mraba usiutie kwenye kuvreli kabisa. Mimi nautumia kupimia mashini. Natia blanketi kuukuu katikati, kitambaa nyuma, nashona mistari mpaka uzi wa juu na wa chini ukae sawa, ndipo naingia kwenye kazi ya mteja. Mraba unapima vizuri kuliko kitambaa kitupu, kwa sababu una mishono ndani kama kuvreli yenyewe.

Mwanagenzi

Aksanti wakubwa. Nimepima yangu yote usiku huu. Mingi ni ya 23 na 25, lakini ipo pia ya 27. Mama Himbi, kwa 30 zako hesabu inanipa utepe wa 3. Nikate hivyo?

Mama wa Himbi (Goma)

Usikate, binti. Utepe wa 3 ukishaungwa pande zote utaonekana sentimita moja na nusu tu, na fremu nyembamba hivyo inatangaza kila mahali mkono ulipotetereka. Pandisha lengo la miraba yote iwe 32. Wa 27 utapata utepe wa 4, wa 25 utapata 5, wa 23 utapata 6. Kitambaa cha fremu kitakwenda zaidi kidogo, kwa hiyo kabla ya kwenda soko la Virunga jumlisha kwanza. Ununue chote siku moja, kutoka pyesi moja ya kitambaa, maana nyeusi ya wiki ijayo haitakuwa nyeusi ileile.