Tupeane uzoefu: waya wa krosova wa kujitengenezea

Wakuu, waliowahi kuunganisha kompyuta mbili bila swichi wala ruta, kwa waya wa krosova (ule ambao nyaya za kutuma na kupokea zimevushwa), karibuni. Naanza.

Nilikuwa studio ya video za harusi. Mashine ya kuhariri ilikuwa huku, ya kuchomea DVD kule, na flashi za wakati huo hazikubeba faili la sherehe nzima. Nikanunua kipande cha Cat5e (kebo ya mtandao) na plagi mbili za RJ45 (za kuingia kwenye tundu la mtandao), nikaazima koleo la kubania. Upande mmoja nikapanga rangi kwa mpangilio sanifu uitwao T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili T568A, yaani jozi ya chungwa na ya kijani zinabadilishana nafasi. Kadi ya mtandao hutuma kwa pini 1 na 2, hupokea kwa 3 na 6. Usipozivusha, mashine zote mbili zinaongea na hakuna inayosikia.

Unapopanga, ulimi wa plagi uwe chini na tundu la kuingizia waya lielekee kwako. Pini 1 iko kushoto. Ganda la nje nalo liingie ndani ya plagi libanwe, la sivyo waya utachomoka.

Anwani nikaweka 192.168.0.1 na 192.168.0.2, mask (inayoonyesha kuwa ziko mtandao mmoja) 255.255.255.0, gateway (njia ya kutokea mtandao mwingine) nikaiacha wazi. Mafaili yakaanza kuhama. Raha ile bado naikumbuka!

—

Mkuu umenikumbusha mbali. Nyongeza: ukiona anwani inaanza na 169.254, Windows imejipa yenyewe, hujaiwekea. Na ping (ujumbe wa kujaribu kama mashine ya pili inajibu) isipojibu wakati taa za kadi zinawaka, angalia firewall (kinga inayozuia mawasiliano) kabla hujakata plagi.

—

Mimi nilikuta kazi ya fundi aliyenitangulia kwenye ofisi moja. Testa (kifaa cha kupimia waya) inawasha taa zote 8 kwa mpangilio, lakini mtandao unakatika kila faili likiwa kubwa. Kufungua plagi, rangi zimepangwa jozi kwa jozi: chungwa, kijani, bluu, kahawia. Ncha zote mbili zinafanana, kwa hiyo testa imeridhika. Tatizo ni kwamba pini 3 na 6 zimeangukia kwenye jozi tofauti, na msokoto wa nyaya mbili za jozi moja ndio unaozuia kelele za umeme. Jamani, tusiseme “mradi zifanane”. Na msiufumue msokoto zaidi ya milimita 13.

—

Swali: laptop zangu mbili ni za gigabit (mtandao wa 1000 Mbps), bado nahitaji krosova?

—

Hapana mkuu. Port za gigabit karibu zote zinajivusha zenyewe, Auto-MDIX hiyo. Chomeka waya wa kawaida tu. Ila gigabit inatumia jozi zote 4, kwa hiyo bluu na kahawia zikiwa zimekatika utashuka hadi 100 Mbps au utakosa kabisa.

—

Na mnaponunua kebo, kwangueni waya mmoja kwa kisu. Ndani pakiwa peupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inavunjika upesi ukiikunja, na mimi siipokei hata kwa bei ya chini.