Natasha Romanoff hakuwekewa matanga. Nyinyi mwaonaje mwisho wa Avengers?

Binti wa Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum wapenzi wa picha. Najua Avengers: Endgame, ile filamu ya mashujaa wa Marvel, ni ya Aprili 2019 na watu wameshaichambua wakachoka, lakini kuna neno limenikaa kooni na nataka kusikia wenzangu wasemaje. Kwa nini Tony Stark (Iron Man) alizikwa kwa heshima zote zile, na Natasha Romanoff (Black Widow, yule jasusi) akaachwa bila hata mkeka mmoja kutandikwa?

Kabla hamjanirukia: Tony nampenda. Kutoka Iron Man ya 2008 mpaka pale ni filamu 22, na yeye ndiye aliyefungua mlango. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video, na kule tulifundishwa kuwa stelingi hafi. Adui atamwaga risasi zake zote, stelingi atainuka ajipanguse vumbi. Hapa stelingi kaalisha vidole mara moja, kakaa chini, kafa mbele ya mkewe. Nililia sana. Sina ugomvi na kifo kile wala na maziko yake.

Ugomvi wangu waanzia kwenye ile miaka 5 baada ya adui Thanos kutumia nguvu za yale mawe 6 kupoteza nusu ya viumbe. Hebu tazameni kila mmoja yuko wapi. Thor kajifungia New Asgard na pombe yake, tumbo limemshuka. Tony ana mke, ana binti, ana nyumba kando ya ziwa. Bruce (Hulk) yuko na mambo yake ya maabara. Clint (Hawkeye) yuazunguka dunia akiua wahalifu. Steve (Captain America) ana kikao cha kuliwaza watu waliofiwa. Nani amebaki pale makao makuu kupokea ripoti? Natasha. Okoye amwambia kuna tetemeko chini ya bahari, Carol ana sayari zake, Rocket na Nebula wako huko angani, na wote wamripoti yeye. Kikao kikimalizika amebaki peke yake na sandwichi kwenye sahani, na Rhodey anapomwambia Clint amefikia wapi, machozi yamtoka.

Kina mama na dada mtanielewa zaidi hapa: tazameni nywele zake. Kwenye Infinity War ya 2018 zilikuwa fupi, kazipaka manjano. Miaka 5 baadaye nyekundu yake ya asili imeota ikateremka, na kwenye ncha bado kuna ile rangi ya zamani. Hajazikata, hajazipaka upya. Aliyebuni zile nywele alijua afanyalo. Huyo ni mwanamke ambaye kila siku aamka aende kazini kutafuta wafu wa watu, na kioo hana habari nacho.

Basi warudi zamani kuyatafuta yale mawe ili waliopotea warudishwe, naye aenda na Clint sayari ya Vormir, ambako jiwe halipatikani mpaka mtu mmoja afe. Wapigana kila mmoja ataka yeye ndiye ajirushe. Clint amshika mkono ukingoni mwa jabali, yeye amwambia mwache, kisha ajisukuma ukutani kwa mguu ili mkono umponyoke. Jiwe likapatikana.

Warudi nyumbani, wasimama wanaume wale kwenye gati la ziwa. Tony auliza kama marehemu alikuwa na jamaa. Steve amjibu: sisi. Thor ataka arudishwe, Bruce arusha benchi zima likaangukia ng'ambo ya maji, halafu waingia ndani kutengeneza glavu ya kubebea mawe. Imekwisha.

Haya, mmesema nyinyi ndio jamaa zake. Matanga yako wapi?

Na kinachoniuma kupita vyote ni yale maziko ya Tony. Kamera yapita polepole mbele ya kila mtu. Clint kasimama pale na mkewe na watoto wake, na miongoni mwa watoto hao yumo Nathaniel, aliyeitwa kwa jina la Natasha tangu Age of Ultron ya 2015. Mtoto mwenye jina lake yuko mazikoni, amevaa nguo nyeusi, na shada lililoteremshwa majini ni la mtu mwingine. Kuongeza shada la pili kungewagharimu nini?

Nahodha Mdogo (Shela)

Waaleikum salaam dada. Umenigusa, lakini nitakupinga kidogo kwa heshima.

Natasha alikufa vita havijaisha. Wamepata mawe, lazima wawahi, na dakika chache baada ya Bruce kuvaa ile glavu Thanos wa 2014, aliyewafuata kutoka zamani, awaangushia makao makuu yote kichwani. Hapo utandike mkeka saa ngapi? Tony alikufa mwisho, bunduki zimenyamaza, watu wote wamerudi. Maziko yake ndiyo yaliyofunga hadithi nzima ya miaka 11. Hata majina yanapopita mwishoni hawakuweka kile kipande cha ziada tulichozoea kukingojea. Walituwekea mlio wa nyundo tu, ule wa Tony akifua chuma pangoni kwenye Iron Man ya kwanza. Filamu yenyewe ilijengwa kumuaga yeye.

Na waandishi, Christopher Markus na Stephen McFeely, waliulizwa swali hili hili. Walieleza kuwa Tony alikuwa mtu mkubwa wa hadharani, ilhali Natasha maisha yake yote alikuwa mtu wa siri, na mazishi makubwa yasingeendana naye. Jasusi haandikiwi tanzia. Mimi nimelikubali hilo.

Binti wa Langoni (Lamu)

Nahodha, ahsante kwa kunijibu kiungwana. Hilo la vita nalikubali kwa siku ile. Silikubali kwa siku iliyofuata. Vita vilikwisha, watu wakaoga, wakavaa suti, wakasafiri mpaka nyumbani kwa Tony. Nafasi ilikuwapo.

Na hiyo hoja ya mtu wa hadharani hainiingii kabisa. Yatazame tena yale maziko. Kuna umati? Kuna waandishi wa habari? Ni uani kwa Tony, mbele ya ziwa, wameitwa watu wa ndani tu. Mpaka yule kijana Harley wa Iron Man 3 kakumbukwa akaitwa, na wengi wetu tulibaki kuulizana ni nani yule mrefu aliyesimama peke yake. Mahali kama pale ndipo hasa panapomfaa mtu wa siri, kati ya wanaomjua kwa jina lake halisi.

Siri alizitoa mwenyewe, tena. Kwenye The Winter Soldier ya 2014 alimwaga mafaili yote ya SHIELD, shirika lao la ujasusi, hadharani, na yake yakiwamo, akijua dunia itasoma kila alilolifanya. Tangu siku ile hakuwa na pa kujificha. Waandishi hao hao wawili ndio walioiandika hiyo filamu, kwa hivyo hawakuwa na haki ya kulisahau.

Mzee Mkomani (Lamu)

Binti yangu, mimi si mtu wa picha hizi, wajukuu ndio walionikalisha nikatazama siku ya pili ya Idi. Majina mengine yananipita. Lakini habari ya yule mwanamke niliielewa, na nilimuuliza mjukuu wangu swali kama lako, akanambia, "Babu, mwili wake haukupatikana."

Nikamwambia hilo si jibu kwa mtu wa Lamu. Sisi ni watu wa bahari. Jahazi hutoka, ikaja habari kuwa limezama huko kusini au upande wa Kiunga, na maiti asionekane. Watu hungoja, hutafuta, na wakishakata tamaa huswaliwa swala ya ghaibu, mlangoni huwekwa mabusati, wanaume hukaa nje, wanawake hukaa ndani, kahawa hupikwa, hitima husomwa. Nimehudhuria matanga ya namna hiyo tangu nikiwa mdogo. Hakuna aliyesema tusikae kwa sababu hakuna jeneza. Tena matanga ya aliyepotea huwa mazito zaidi, kwa kuwa mama mtu kila mlango ukigongwa ainua kichwa.

Wale jamaa zake walikuwa na haja ya kukaa. Yule mkubwa wa rangi ya kijani alirusha benchi kwa sababu hakuwa na pa kuiweka ile huzuni. Angepata watu wa kukaa nao siku tatu, benchi lingebaki mahali pake.

Binti wa Langoni (Lamu)

Ami, umenimaliza. Hilo la benchi nitalirudia kila nitakapoulizwa. Na huyo huyo Bruce, mwishoni kabisa kabla Steve hajaondoka na mawe, asema alipokuwa na ile glavu mkononi alijaribu kumrudisha Natasha, akashindwa. Sentensi mbili, tatu, imepita. Mtu abeba nguvu za mawe yote 6, mkono waungua, na katikati ya mateso yale afikiria kumrudisha mwenzake. Lile lilistahili kikao kizima, wao wakalipa nusu dakika wamesimama chini ya miti.

Fundi Flashi (Malindi)

Salamu kutoka Malindi. Mimi nina duka la kupakia muvi, kwa hivyo haya mabishano nayasikia kutwa. Kwa wateja wangu, vijana hasa, Endgame ni ile milango ya duara ikifunguka vitani waliopotea warudi, T'Challa, Shuri na Okoye wakitoka wa kwanza. Wengi huja wakitaka nipeleke mbele mpaka hapo waone kama nakala ni safi. Na tangu Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, afariki Agosti 2020, kile kipande watu hukitazama kwa ukimya. Wengine hunung'unika kuwa Lupita wetu hakuwamo.

Kuhusu Natasha, dada, mbona hujaitaja Black Widow ya 2021? Kile kipande baada ya majina. Yelena, mdogo wake Natasha, aja kaburini kwake na mbwa, kuna maua na midoli watu wameacha, kisha apiga ule mluzi wao wa utotoni. Angoja aitikiwe. Hakuna wa kuitikia. Florence Pugh, anayemwigiza Yelena, alinivunja pale. Kaburi analo, na watu wanaomlilia anao.

Mimi hasira zangu ziko kwa Steve Rogers. Yule rafiki yake Bucky, Steve amemtafuta filamu ngapi, amepigana na Tony kwa ajili yake kwenye Civil War, halafu apata nafasi arudi zamani kwa mpenzi wake Peggy amwache rafiki yake? Ngao alimpa Sam, sawa, alistahili. Lakini Bucky? Hilo halizungumzwi vya kutosha.

Nahodha Mdogo (Shela)

Fundi, la Steve tufungulie uzi wake, maana tutakesha. Mimi nasema alistahili mapumziko. Alilala barafuni karibu miaka 70.

Ila nimerudia kipande cha gatini baada ya maneno ya Mzee, na nimeona kitu. Wako watano pale, wale Avengers wa mwanzo wa 2012 wakiondoa yeye, na kila mmoja ametazama upande wake. Hakuna anayemshika mwenzake bega. Thor apiga kelele, Clint ajibu kwa ukali, Steve chozi lamtoka kimya. Natasha ndiye aliyekuwa akiwaunganisha, na hapo ndipo waonekana hawajui kukaa pamoja bila yeye. Nikiyatazama hivyo, kile kipande chapata nguvu. Lakini bado ni kifupi, hapo nakuunga mkono dada.

Binti wa Langoni (Lamu)

Nahodha, hilo sikuliona, na ni kweli tupu. Clint yuasema haiwezekani kumrudisha, yuarudia na kurudia, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Fundi, ule mluzi naujua, nimeulilia. Lakini angalia nani kasimama kaburini. Ni Yelena, ambaye sisi watazamaji tulikutana naye mwaka ule ule. Natasha tulimjua tangu Iron Man 2 ya 2010. Waliokula naye, waliopigana naye New York, hatukuwaona hata mara moja mbele ya lile kaburi. Na Yelena hakupata hata kulia vizuri, yule mama Valentina aja kumwonesha picha ya Clint na kumpa kazi ya kwenda kumuua. Kaburi lilitumiwa kutangaza tamthilia ya Hawkeye. Maziko ya Tony hayakuingiliwa na tangazo la mtu.

Sasa nasikia Robert Downey Jr., aliyekuwa Tony, yuarudi kwenye Avengers: Doomsday, mara hii akiwa Doctor Doom. Walitangaza Julai 2024 na ukumbi mzima ulipiga kelele. Nitaitazama, siwadanganyi. Ila yeye apewa maziko na marejeo pia.

Ijumaa hii baada ya Isha twatundika shuka uani kwa dada yangu hapa Langoni, mabinti na mama zao, tuanze filamu za Natasha tangu mwanzo kwa mpangilio, kila Ijumaa moja. Mahamri yapo. Fundi, nisaidie: Black Widow niiweke wapi? Kwa mwaka iliotoka au kwa mwaka wa hadithi?

Fundi Flashi (Malindi)

Hadithi yake yafuata baada tu ya Civil War, kwa hivyo iweke kati ya Civil War na Infinity War. Mpango uwe hivi: Iron Man 2, Avengers ya 2012, The Winter Soldier, Age of Ultron, Civil War, Black Widow, Infinity War, Endgame. Wale mabinti wakishamjua Yelena na mama yake na baba yake mapema, Vormir itawaingia zaidi. Hata ile fulana ya mifuko mingi Natasha aliyoivaa Infinity War watajua aliipata kwa nani.

Ila kile kipande cha kaburini kikate, usikioneshe usiku ule, maana utakuwa umewaambia amekufa kabla hawajafika. Kiweke baada ya Endgame, usiku huo huo. Na kizime kabla Valentina hajafika. Nitumie flashi kwa basi la Mokowe, nitakukatia mimi mwenyewe pale pale mluzi unapokwisha.