Mnaoandika mapishi ya kobla ya cheri mbichi, mtatudanganya mpaka lini?

Wakuu, uzi huu sijaufungua kubembelezana na mtu. Nimechoshwa na mapishi ya kobla ya cheri (matunda yanayookwa yakiwa yamefunikwa na madonge ya unga) ambayo ukiyasoma tu unajua mwandishi hajawahi kuipika hiyo kitu kwa cheri mbichi. Amechukua pishi la cheri za kopo, akafuta "kopo", akaandika "mbichi", akabandika picha yenye aiskrimu juu, kazi imekwisha.

Zile za kopo zinazouzwa kwa ajili ya pai zimeshapikwa, zimeshatiwa sukari na wanga, rojo lake ni zito tayari. Unamimina kwenye bakuli la kuokea, unapanga madonge ya unga juu, oveni inamalizia. Cheri mbichi zina maji bwana! Ukizinyunyizia sukari tu, zinaanza kuchuruzika kabla hata oveni haijapata moto. Halafu mtu mzima anakuandikia kilo nzima ya cheri na kijiko kimoja cha konflawa, ule wanga wa mahindi wa kuzitisha rojo. Kijiko kimoja kitashika nini? Kilo inataka vijiko vikubwa 3, hata 4 zikiwa na maji mengi. Ukimfuata yeye unapata supu nyekundu yenye madonge yanayoelea, juu yameiva, chini mabichi.

Na hayo mabichi ya chini ndiyo yanayonikera kuliko yote. "Oka mpaka juu pawe rangi ya dhahabu." Juu panawahi! Kwa nyuzi 190 unga unaweza kupendeza macho ndani ya dakika 25 na chini yake bado ni ujiuji. Konflawa haishiki sawasawa mpaka rojo lenyewe lichemke, lifike karibu nyuzi 95. Kwa hiyo cha kutazama ni mapovu, tena yale mazito ya katikati ya bakuli, maana ya pembeni hutangulia kila siku. Hiyo ni sentensi moja tu. Imewashinda kuiandika?

Dawa ipo na wala si siri. Bandika cheri, sukari na konflawa kwenye sufuria kwanza, koroga mpaka rojo lianze kuwa zito, limimine likiwa la moto, ndipo upange madonge juu na kuacha mianya mvuke upite. Unga unaanza kuiva kwa chini papo hapo. Ikitoka ovenini iache nusu saa, rojo huendelea kushika likipoa. Ila mapishi yetu yanasema "changanya vyote, weka ovenini", kwa sababu sufuria ya ziada itawakimbiza wasomaji.

Haya, cheri gani? Kuna tamu na kuna chachu. Gramu 200 za sukari kwenye kilo ya zile tamu, umepika jamu. Gramu 80 kwenye zile chachu kama Montmorency, mtakula mmefumba jicho moja. Zile tamu nazo bila maji ya limau zinapooza kabisa. Pishi linasema "cheri", basi, tukapige ramli.

Eti "vikombe 4". Zikiwa na kokwa au bila? Nzima au nusunusu? Kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 240, kwingine ni 250. Tupeni gramu, na mseme mmepima kabla au baada ya kutoa kokwa.

Nikifika kwenye kokwa ndiyo natamani kurusha simu. "Maandalizi: dakika 10." Kilo moja ni zaidi ya cheri mia, kila moja utoe kokwa kwa mkono, mikono ionekane kama umechinja, yeye anakuambia dakika 10! Na kuna wale wajuaji wanaosema ziache tu, Wafaransa huziacha kwenye klafuti, ile keki yao laini ya cheri. Wale wanajua zimo, wanakula taratibu. Kobla inachotwa kwa kijiko, unga umefunika kila kitu, mgeni anauma kwa nguvu. Jino likivunjika utalilipa wewe?

Mwenye pishi lililopimwa kwa gramu na kujaribiwa kwa cheri mbichi kweli, aliweke hapa chini. Na wewe unayekuja kuandika "mbona yangu hutoka vizuri tu", anza kwa kututajia kama ulifungua kopo.